Hai Qing na Sauti Aliyoazimwa

Katika darasa langu la Kiswahili la mwaka wa tatu, hapa pembezoni mwa jiji la Washington, nina desturi ya kuonyesha sehemu ya tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili. Sababu yangu ilikuwa ya kiualimu tu: maneno ya jikoni, ya wakwe na ya magomvi madogo ya nyumbani ni adimu katika vitabu vya kiada, na tamthilia hii imesheheni hayo. Muhula mmoja, mwanafunzi aliyelelewa Rockville, mtoto wa wazazi waliohamia Maryland kutoka China, alicheka mara tu sura ya mhusika mkuu ilipojitokeza. "Huyu ni Hai Qing," alisema. "Mama yangu anampenda sana. Lakini mwalimu, anayesema ni nani?"

Nilikuwa nimeifundisha sehemu ile kwa miaka kadhaa. Ningeweza kueleza kila kitenzi kilichomo. Hilo la anayesema sikuwa nimejiuliza hata mara moja, na aibu niliyoipata siku ile ndiyo chanzo cha makala hii. Tumeizungumza tamthilia ya Doudou kama habari ya diplomasia, kama habari ya soko la televisheni, mara nyingine kama kichekesho. Hatujaizungumza vya kutosha kama kazi ya mwigizaji. Ninadai kwamba Hai Qing ni miongoni mwa waigizaji wa kigeni walioingia hadi ndani ya nyumba zetu, na kwamba tulimpokea nusu. Tuliuchukua uso, tukaupa sauti yetu, kisha tukaiacha kando kazi yake iliyo bora, ambayo huenda ndiyo ingetufaa zaidi.

Jina lake la kuzaliwa ni Huang Yi. Alizaliwa Nanjing mwaka 1978, akasomea uigizaji katika Chuo cha Filamu cha Beijing, na umaarufu ukamjia kwa njia ya televisheni kabla ya sinema. Mwaka 2007 aliigiza mke kijana wa Shanghai katika Shuangmian Jiao, hadithi ya ndoa inayochanika kati ya mke na mama wa mume. Mwaka 2009 ikaja Wo Ju, ambamo mhusika wake anaipania nyumba ya kununua mjini hadi kila kitu kingine maishani kinapimwa kwa bei ya mita ya mraba. Kisha akawa Mao Doudou katika Xifu de Meihao Shidai, tamthilia iliyoongozwa na Liu Jiang na kuandikwa na Wang Liping, na kwa uhusika huo akatunukiwa mwaka 2010 tuzo ya Magnolia ya mwigizaji bora wa kike mjini Shanghai. Wachina wakambandika jina la "mkaza mwana wa taifa". Katika Xiao Huanxi ya 2019 alikuwa tayari mama, tena mama mkali, anayemsukuma mwanawe kuelekea mtihani wa kuingia chuo kikuu. Ukiitazama orodha hii kwa jicho la Mswahili utaona kwamba maisha yake ya sanaa yamepangwa kwa majina ya jamaa: mke, mkaza mwana, mama. Mwigizaji wa kike hukua kwa kupandishwa cheo ndani ya ukoo wa watu wasiokuwepo.

Ilikuwa Novemba 2011 pale Televisheni ya Taifa ya Tanzania, TBC, ilipoanza kuirusha tamthilia ya Doudou kwa Kiswahili. Sauti zilikuwa zimetiwa chini ya Radio China Kimataifa. Machi 2013, Rais Xi Jinping alipohutubia katika Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Julius Nyerere jijini Dar es Salaam, aliitaja kuwa mfano wa jinsi Waafrika wa kawaida walivyopata kuonja utamu na uchungu wa maisha ya nyumbani ya Wachina. Tangu siku hiyo tamthilia ikawa mali ya hotuba. Kila anayeandika kuhusu China na Afrika humtaja Doudou kwenye aya ya tatu au ya nne, kama mtu anayetoa risiti.

Tuirudie kama kazi ya sanaa, tukianzia na jina. Jina la Kichina limebeba neno xifu, yaani mkaza mwana, na kwa matumizi mengine mke. Kwa jumla linazungumzia zama njema za mkaza mwana. Kwetu hadithi hiyo ilijulikana kuwa ya Doudou na mama wakwe zake. Uzito umehama. Huko mwanamke kijana ndiye mwenye zama; huku amekuwa mtu aliyezungukwa. Silaumu uamuzi huo kibiashara, maana neno mkaza mwana, au mkamwana kama wengine wanavyosema, linazidi kupotea vinywani mwa vijana, ilhali mama mkwe hahitaji kufafanuliwa kwa mtu. Lakini kitu kimepotea. Kiswahili cha kila siku kina neno mkwe linalokwenda pande zote mbili: mama wa mume ni mkwe, mke wa mwana ni mkwe, na wote wawili huweza kuitana hivyo. Ni neno la heshima linaloficha nani ana nguvu. Kichina hakifichi. Mama wa mume ana neno lake, mama wa mke ana lake, na mkaza mwana anajua kwa neno tu amesimama ngazi gani.

Doudou ana mama wakwe wawili kwa sababu baba wa mumewe, Yu Wei, aliachana na mke wa kwanza akaoa mwingine. Kwa mtazamaji wa Beijing hili ni tatizo la kisasa, zao la talaka. Kwa mtazamaji wa pwani ya Afrika Mashariki ni jambo la kale mno. Marehemu mama yangu, ambaye hakuwahi kufika mbali na Tanga zaidi ya Dar es Salaam, alinisimulia kisa hiki kwa simu akikitafsiri upya kwa maneno ya ukewenza: huyu mama mkubwa, yule mama mdogo, na mkaza mwana maskini anayetakiwa kugawa heshima yake kama mume anayegawa zamu. "Yule mama mkubwa ana haki yake," aliniambia, "ila mdomo ndio unaomponza." Alikuwa amekosea msingi wa kisheria wa familia ile, lakini alikuwa amefika kwenye kiini cha tamthilia kuliko mimi niliyekuwa na shahada ya uzamivu ya Ujerumani mkononi. Alimwona Doudou kama mwari aliyetoka kwa somo wake na nasaha za kuvumilia, kisha akakuta kwamba nasaha zile hazikutaja wakwe wawili.

Hapa ndipo uigizaji wa Hai Qing unapostahili kutazamwa kwa makini. Doudou ni muuguzi, na mwigizaji ameubeba uuguzi ule hadi sebuleni. Anawasikiliza wakwe kama mtu anayesikiliza wagonjwa: uso umechangamka, tabasamu pana, macho yanapima. Maandishi ya tamthilia, kwa maoni yangu, yanahubiri uvumilivu wa mwanamke kwa kiwango kinachochosha. Mume anasamehewa upesi mno na kila suluhu hupatikana kwa Doudou kumeza neno. Lakini mwigizaji haimezi kimyakimya. Huwa na kituo kifupi kabla ya kukubali, pengine nusu ya pumzi, ambamo tunaona neno alilotaka kulisema likipita usoni na kuondoka. Ucheshi wake wote umo katika kituo hicho. Mtazamaji wa Kiswahili anakiona, je, anakisikia?

Si mara zote. Anayetia sauti ana kazi ngumu kuliko tunavyodhani. Maneno ya Kichina ni ya silabi chache, na maana hutegemea kupanda na kushuka kwa toni ndani ya silabi. Maneno yetu ni marefu, hubeba kiima, wakati na yambwa kwa pamoja, na mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Matokeo yake sentensi ya Kiswahili hukimbizwa ili iingie ndani ya mwendo wa midomo isiyo yake, na kile kituo cha nusu ya pumzi ndicho cha kwanza kutolewa sadaka. Kuna mahali uso wa Hai Qing bado unasita ilhali sauti imekwisha kukubali. Mwanafunzi wangu alicheka hapo, na nadhani alicheka kwa haki.

Hasara nyingine ni ya ndani zaidi. Kwa desturi ya Kichina bibi harusi huanza kumwita mama wa mumewe "mama" katika tukio maalumu la harusi, na mkwe humpa bahasha nyekundu ya fedha kwa ajili ya neno hilo. Neno lina siku yake ya kuzaliwa. Kulichelewesha, kulitamka kwa shingo upande, kumpa mama mmoja na kumnyima mwingine, yote hayo ni matendo. Sasa mpe Doudou Kiswahili. Kwetu kila mwanamke wa rika fulani ni mama: muuza vitumbua ni mama, mgonjwa wa kitanda cha tatu ni mama, mbunge ni mama. Doudou wa Kiswahili hutamka "mama" tangu mwanzo bila gharama yoyote, kwa kuwa lugha yenyewe imekwisha kumlipia. Sioni suluhisho. Labda mtafsiri angeweza kutumia "bibi" au "shangazi" mwanzoni kisha akahamia "mama", au akarudisha neno la zamani, mavyaa, ili "mama" ije baadaye kama zawadi. Ninachosema ni kwamba hili ni swali la kifasihi, la aina ileile tunayoijadili tunapozungumzia tafsiri za Shakespeare za Nyerere, na limepita bila kuulizwa kwa sababu lilikuja kwa njia ya televisheni.

Ni ajabu, kwa kuwa sisi si wageni katika kuzipa sura za Waasia sauti zetu. Kabla ya Doudou, Tanzania ilikuwa na watafsiri wa filamu waliosimulia juu ya picha, na mashuhuri kati yao alikuwa Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu. Lufufu hakujificha nyuma ya midomo ya mwigizaji. Aliongeza, alipunguza, aliwapa wahusika majina ya mtaani, na hadhira iliyonunua kanda ilijua jina lake. Mtu angeweza kulalamika kwamba aliharibu filamu. Hakuna aliyeweza kuuliza anayesema ni nani. Udabu wa kitaalamu umekuja na uaminifu mkubwa kwa matini, na uaminifu huo unamtaka anayesema atoweke. Mwaka 2016 kampuni ya StarTimes iliendesha Dar es Salaam shindano la kutafuta vipaji vya kutia sauti, na washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi hiyo. Ilikuwa hatua njema. Sauti zikapata sura japo kwa siku za shindano.

Kuishi hapa Washington kumenifanya niyaone haya kwa namna fulani ya wivu. Radio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili Septemba 1961. Sauti ya Amerika ikafuata mwaka 1962. Kwa zaidi ya miaka 60 miji miwili mikuu imesema nasi kwa lugha yetu, kila mmoja kwa hesabu zake. Studio za Sauti ya Amerika zilikuwa kwenye barabara ya Independence, na baadhi ya watu waliokuwa wakisoma habari mle ni watu tunaokutana nao kwenye misiba na harusi huku Maryland na Virginia. Machi 2025 watumishi walipewa likizo ya lazima na matangazo yakakatika. Siku chache baadaye nilimsikia mzee mmoja, katika mazungumzo ya kawaida tu baada ya sala, akisema kwamba sasa kama unataka kusikia Kiswahili kutoka mji mkuu wa taifa kubwa itakubidi umsikilize Doudou. Watu walicheka. Mimi nilifikiria jinsi sauti inayotolewa kwa fadhila ya serikali ya mbali inavyoweza kuondolewa kwa saini moja, na jinsi tulivyo wepesi wa kuiita sauti hiyo yetu.

Turudi kwa Hai Qing mwenyewe. Julai 2019, katika tamasha la filamu la FIRST mjini Xining, alipanda jukwaani akiwa na waigizaji wenzake wa kike na kuwaomba waongozaji na watayarishaji wawape kazi wanawake waliokwisha kuvuka ujana. Aliwakumbusha kwamba ni wazoefu na si wa gharama. Maneno yale yalizua mjadala mkubwa China, wengine wakimpongeza, wengine wakiona ajabu kwamba nyota aombe. Miaka 3 baadaye tuliona alichokuwa akikiomba.

Filamu ya Li Ruijun, Yin Ru Chen Yan, inayojulikana kimataifa kama Return to Dust, ilionyeshwa katika shindano kuu la Berlin Februari 2022. Hai Qing ni Cao Guiying, mwanamke mwenye ulemavu anayechechemea, mkono ukimtetemeka, asiyeweza kuuzuia mkojo, anayeozwa kwa Ma Youtie, mkulima maskini, kwa sababu ndugu wa pande zote mbili wamechoka nao. Anayeigiza Youtie ni Wu Renlin, mkulima kweli, jamaa wa mwongozaji. Wengi wa wanaoonekana ni watu wa kijiji kile cha mkoa wa Gansu. Nyota wa televisheni aliingia kati yao, akaishi nao, na akafanya jambo gumu kuliko yote kwa mtu mwenye uso unaojulikana na taifa zima: akauficha. Mwanafunzi wangu wa Rockville aliniambia mama yake alikaa robo saa ndipo akamtambua.

Doudou aliokoa familia yake kwa mdomo. Guiying karibu hasemi. Kila kitu kiko mwilini: namna anavyokaa pembeni mwa kitanda kama mtu anayejiandaa kufukuzwa, na namna, miezi ikipita, makalio yanavyohamia ndani kidogo kidogo hadi anakaa kama mwenye nyumba. Kuna usiku wa mayai. Wameazima mayai kwa jirani, wameyaweka ndani ya kasha la karatasi lenye matundu, na taa imewashwa mle ili yapate joto. Nuru inatoka matunduni na kuzunguka kuta za chumba kama nyota. Guiying anatazama. Hai Qing hafanyi chochote hapo ila kuacha mdomo wazi kidogo, na ule mkono unaotetemeka unatulia kwa muda. Kuna siku Youtie anaubonyeza mkono huo kwa punje za ngano hadi zinaacha alama ya ua. Kuna usiku wa mvua wanapokimbilia kuyafunika matofali mabichi ya udongo, wakianguka na kucheka ndani ya tope. Mwishoni Guiying anatumbukia kwenye mfereji wa kumwagilia mashamba, akimfuata mumewe na chakula, na wanakijiji waliokuwepo hawamwahi.

Filamu hii iliingia kwenye kumbi za China Julai 2022, ikapata zaidi ya yuani milioni 100, kiasi kisichotarajiwa kwa kisa cha wakulima wawili na punda, na Septemba mwaka huohuo ikaondolewa kwenye majukwaa ya mtandaoni ya huko. Haihitaji ujuzi mkubwa kuelewa kwa nini chombo cha serikali hakitaitia sauti za Kiswahili. Taifa linapojitafsiri lenyewe huvaa nguo za Idi, na Doudou, pamoja na ghorofa yake na kazi yake safi ya hospitali, ni nguo za Idi. Silioni hilo kuwa kosa la China peke yake. Linalonisikitisha ni upande wetu: kwamba tuliridhika kuletewa. Mtazamaji wa Dodoma aliyekulia kwenye tembe lenye paa la udongo angeijua nyumba ya Guiying kuliko atakavyowahi kuijua sebule ya Doudou.

Oktoba 2022, mwezi mmoja tu baada ya filamu ile kuondolewa, serikali ya Marekani ilitoa sarafu ya robo dola yenye sura ya Anna May Wong, mzaliwa wa Los Angeles, binti wa familia ya Kichina. Ninayo moja mezani. Mwaka 1929, alipoigiza jukwaani London, wahakiki waliulalamikia usemaji wake wa Kimarekani: uso ulikuwa wa Mashariki, sauti haikulingana na matarajio yao, akaenda kulipia masomo ya matamshi. Na filamu ya The Good Earth ilipotengenezwa mwaka 1937, uhusika wa O-Lan, mke wa mkulima wa Kichina, alipewa Luise Rainer, mzaliwa wa Ujerumani, akashinda nao Oscar. Sarafu haisemi lolote kuhusu hayo. Lakini siwezi kumtazama Guiying bila kukumbuka kwamba kuna wakati mwanamke wa Kichina hakuhesabiwa kufaa kuigiza mke wa mkulima wa Kichina.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi zoezi la kutia Kiswahili dakika chache za filamu ya Li Ruijun, kwa matumizi ya darasani. Maneno ni machache, na nilidhani tungemaliza kwa kipindi kimoja. Tulikwama kwenye jambo moja: Guiying amwiteje mumewe. Mke wa Kiswahili humwita mume kwa jina la mtoto, baba fulani, na hawa hawana mtoto. "Mume wangu" ilisikika kama tamthilia ya redio. Jina lake tupu, Youtie, lilimkera mwanafunzi kutoka Mombasa, aliyesema bibi yake hakuwahi kulitamka jina la babu hadi anaingia kaburini. Mwingine alipendekeza "bwana", likakataliwa kwa wingi wa kura. Yule wa Rockville alisikiliza muda mrefu, kisha akauliza kama inaruhusiwa asimwite kitu chochote, aanze tu kusema. Tulijaribu hivyo, tukaiacha sauti ianze bila jina, na mara ya kwanza katika zoezi zima midomo na maneno vikaenda pamoja.